Wiki 16 bila usukani: shajara ya kuhamia kwenye basi

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza

Nimetoka nje na tochi kusoma kilomita kwenye dashibodi, nikaziandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Mwaka uliopita gari limetembea kilomita 14,600. Ukizigawa kwa siku 365 unapata kilomita 40 kwa siku, na nyingi kati ya hizo nilikuwa peke yangu ndani, viti vinne vitupu. Gari langu linakula lita 9 kila kilomita 100. Kwa hiyo nimechoma lita 1,314 za petroli. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Inazidi uzito wa mafuta yenyewe kwa sababu kaboni iliyomo hujishika na oksijeni ya hewani. Piga hesabu: zaidi ya kilo 3,000. Hizo ni zangu mimi, si za mtaa.

Masharti tuliyokubaliana na mke wangu ni haya. Wiki 16. Safari zangu zote, za mjini na za masafa marefu, ni kwa basi na kwa miguu. Gari linaruhusiwa kwa ajili ya mgonjwa wa usiku na mzigo usiobebeka, na kila likitoka naandika limetoka kwa nini. Funguo ziko kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko.

Wiki ya 1

Kutoka nyumbani hadi kazini ni kilomita 11. Zipo njia mbili za basi. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: natembea dakika 5, napanda, nashuka karibu na mlango wa ofisi baada ya dakika 40. Basi hilo hupita kila baada ya nusu saa. Njia ya pili inanitaka nitembee dakika 9, nipande basi moja, nishuke, nipande jingine. Nilichagua ya kwanza bila kufikiri mara mbili. Nani anataka kuunganisha?

Jumatatu na Jumanne mambo yalikwenda vizuri. Jumatano nilikuwa nimebakiza hatua thelathini kufika kituoni nikaliona linaondoka, taa za nyuma zikipotea kwenye kona. Nilikaa pale dakika 29. Alhamisi nikatoka mapema kupita kiasi kwa hofu ya Jumatano, nikasubiri dakika 17. Ijumaa niliendesha kichwani: nilishinda na saa mkononi kuanzia kuamka, mtoto ananisemesha nami simsikii. Hapo niliona kwamba sijahama kutoka kwenye gari. Nimeacha kushika usukani tu, wasiwasi wa foleni nimekuja nao.

Wiki ya 2

Nimejaribu njia ya kuunganisha. Mabasi yake yote mawili hupita kila baada ya dakika 8 hivi. Mtu akifika kituoni bila kuangalia ratiba, na mabasi yakija kwa mpangilio, kwa wastani atasubiri nusu ya nafasi iliyopo kati ya basi na basi. Kwa hiyo:

Njia ya moja kwa moja: kutembea 5, kusubiri 15, kupanda 40. Jumla dakika 60.

Njia ya kuunganisha: kutembea 9, kusubiri 4, kupanda 22, kusubiri 4, kupanda 16. Jumla dakika 55.

Dakika tano si kitu. Kilichonibadilisha ni adhabu ya kukosa basi. Upande mmoja ukichelewa sekunde kumi umepoteza nusu saa. Upande wa pili umepoteza dakika nane. Tangu Jumatano sijaangalia ratiba hata mara moja. Naaga nyumbani, natoka. Binti yangu ameniuliza, "Baba, leo hukimbii?" Leo sikimbii.

Nimeandika hapa kwa herufi kubwa, maana nadhani ndiyo hoja nzima ya mradi huu: NISITAZAME BASI LINAKWENDA KASI GANI, NITAZAME LINAPITA MARA NGAPI.

Wiki ya 3

Kuna jambo lilinisumbua: kwenye kituo changu cha pili mabasi ya dakika 8 mara nyingine hayaonekani kwa dakika 15, kisha yanakuja mawili yamefuatana kama ndugu. Watu kituoni wanasema madereva wamekaa mahali wakipiga soga. Nami niliamini hivyo, hadi nilipoanza kuandika ninachokiona.

Basi likichelewa kidogo tu, tuseme kwa taa nyekundu moja, linakuta kituoni watu wengi zaidi ya kawaida, kwa sababu muda umeongezeka na watu wameendelea kufika. Watu wengi wanapanda polepole, basi linachelewa zaidi, kituo kinachofuata kina watu wengi zaidi tena. Wakati huohuo basi la nyuma linakuta vituo vimeshafagiwa, halisimami sana, linakimbia. Mwisho linalifikia la mbele. Hakuna mtu mwenye kosa hapo, ni mkururo unaojizaa wenyewe.

Na madhara yake kwa anayesubiri ni makubwa kuliko yanavyoonekana kwenye karatasi. Mabasi sita kwa saa, yakija kila dakika 10, wastani wa kusubiri ni dakika 5. Mabasi hayohayo sita yakija mawilimawili kila dakika 20, wastani unakuwa dakika 10. Mabasi ni yaleyale na mafuta ni yaleyale, lakini abiria amesubiri mara mbili.

Alhamisi nilishuhudia kwa karibu. La kwanza lilifika limejaa mpaka mlangoni, mkoba wa mama mmoja umebanwa nje ya mlango, kamba yake inaning'inia. Kituo kizima kililivamia. Nilisimama. Sekunde arobaini baadaye la pili likafika na abiria tisa, nikakaa kiti cha dirishani, na vituo vitatu mbele tukalipita lile la kwanza likiwa bado linahangaika kufunga mlango. Sasa nawaambia jirani zangu wa kituoni: angalieni nyuma yake kwanza.

Dawa yake inajulikana. Kulipa nauli kabla ya kupanda, milango yote ifunguliwe kwa pamoja, sakafu ya basi iwe sawa na jukwaa la kituo. Curitiba, Brazili, ambako meya Jaime Lerner alianzisha njia za mabasi pekee mwaka 1974, walijenga mwaka 1991 vituo vyenye umbo la bomba la kioo: abiria analipa akiingia kwenye bomba, basi likija anaingia kwa usawa kama anayevuka mlango wa chumba. Bogotá, Kolombia, wakafuata mwaka 2000, na mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yakaanza kubeba watu mwaka 2016. Ukisikia watu wanasifia kasi ya mabasi hayo, sehemu kubwa ya kasi hiyo haitoki kwenye injini. Inatoka kwenye muda ambao basi halipotezi likiwa limesimama.

Wiki ya 4

Mvua siku tatu. Viatu viwili, vya njiani na vya ofisini. Mwavuli mfupi. Sina zaidi.

Wiki ya 5

Hii ndiyo wiki niliyokaribia kufungua droo ya jikoni.

Kikao cha Jumanne kilirefuka. Ubao wa kituoni ulisema basi la mwisho ni saa 3:40 usiku. Nilifika saa 3:38, nikiwa na dakika mbili mkononi, nikamkuta kijana mmoja anafagia mbele ya duka. "Limeshapita, kaka. Sasa hivi tu." Lilipita saa 3:37. Basi likichelewa dakika tatu, watu wananung'unika tu. Likiwahi dakika tatu usiku, mtu amebaki barabarani. Niliwaandikia wenye basi siku iliyofuata, nikataja saa na kituo, bila matusi. Dereva anayewahi anaweza kusubiri kituoni mpaka dakika yake ifike, hilo halimgharimu chochote.

Nilitembea kilomita 7 kwa dakika 85. Miguu haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa sehemu moja ya kama nusu kilomita isiyo na taa wala njia ya waenda kwa miguu, ambapo magari yanapita karibu na bega. Kwa gari nimepita hapo labda mara elfu na sikujua kwamba hakuna mahali pa kuweka mguu. Na nikawaza: mimi ni mwanamume mwenye afya, nimepita kwa shida. Mwenye zamu ya usiku, hasa mwanamke, anapita hapa vipi? Kabla ya kumlaumu mtu kwamba anang'ang'ania gari lake, nitamuuliza kwanza anarudi nyumbani saa ngapi.

Kanuni mpya: basi la mwisho nalihesabu kuwa halipo. Langu ni lile la kabla yake.

Wiki ya 6

Wiki tulivu, kwa hiyo naandika la pembeni. Nilidhani usafiri wa mjini wa kulipia kichwa ni jambo la juzi. Kumbe mwaka 1662 Blaise Pascal, yule mwanahisabati, alishiriki kuanzisha Paris magari ya farasi yanayopita njia maalumu kwa nauli maalumu. Sharti lililonigusa ni hili: gari liondoke kwa saa yake hata kama halina mtu ndani. Pascal alifariki mwaka huohuo, na Parlement, mahakama kuu ya Paris ya wakati huo, ikazuia askari na watumishi wasipande, na baada ya miaka kadhaa huduma ikafa. Lakini lile sharti ndilo ninaloliishi kila asubuhi. Basi linalosubiri lijae ndipo liondoke linamtumikia mwenye basi. Linaloondoka kwa saa yake linamfanya mtu aweze kupanga maisha.

Wiki ya 7

Safari ya kwanza ya masafa marefu: kwa mama, kilomita 240. Kwa gari ni saa tatu na nusu. Kwa basi ni saa nne na dakika ishirini, ongeza muda wa kufika stendi.

Nimejifunza kuchagua kiti. Katikati ya basi, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndipo mtikisiko ni mdogo. Ukikaa juu ya tairi la nyuma kila shimo linakufika mgongoni. Anayechafukwa na tumbo akae mbele atazame mbali barabarani, asisome. Kuhusu jua: tulikuwa tunaelekea kaskazini asubuhi, kwa hiyo jua lilikuwa kulia, nikakaa kushoto. Waliokaa kulia walisafiri na mapazia yamefungwa, hawakuona kitu. Dawa, hati na chaja zikae na wewe juu, begi kubwa chini kwenye buti. Na mkanda, kama upo, ufungwe. Watu hufunga kwenye gari dogo kisha wakipanda basi wanaukalia.

Jambo moja nauliza kabla ya kukata tiketi ya safari ndefu, na sioni haya: dereva ni mmoja au wawili, na mnapumzika wapi? Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka dereva wa basi apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Nilipokuwa nikiendesha mwenyewe kwenda kwa mama sikuwahi kujiwekea sharti la namna hiyo. Mara ngapi nimefika nikiwa sikumbuki kilomita ishirini za mwisho? Hilo ndilo linalonitisha sasa nikitazama nyuma.

Safari hii nililala saa moja. Nikasoma. Kisha nikatazama tu nje, mashamba yakibadilika rangi, mtoto wa kiti cha mbele akihesabu ng'ombe mpaka usingizi ukamchukua kwenye sitini na kitu.

Mama alikuwa stendi kabla yangu. "Umechoka, mwanangu?" Nikasema hapana, na kwa mara ya kwanza nilipofika kwake baada ya safari ile, lilikuwa jibu la kweli. Tulikaa mpaka usiku tukizungumza. Siku zote nilikuwa nikifika nalala.

Wiki ya 8

Mama amerudi nami kwa uchunguzi wa goti. Ana miaka 71. Wiki hii ndiyo iliyonifundisha kuliko zote.

Ngazi ya kwanza ya basi la mjini: sikuwahi kuiona. Mimi nairuka. Mama alisimama mbele yake akaipima kwa macho. Mtaalamu wa viungo amemfundisha: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu mbovu unatangulia. Akashika bomba kwa mkono wa kulia, akaweka mguu mzima, akavuta pumzi, akajinyanyua. Nyuma yetu watu kumi na wawili. Dereva alizima kiashiria chake, akageuka akasema, "Taratibu mama, sina haraka." Hakuondoa gari mpaka alipomwona kwenye kioo amekaa. Sekunde kama ishirini hivi, nilihesabu.

Basi la kuunganisha lilikuwa na dereva mwingine. Mama hajafika kwenye kiti, basi limeng'oka. Alinidakia begani kwa nguvu, na nikahisi kucha zake kupitia shati. Hakusema kitu. Jioni, tumeshafika nyumbani, ndipo aliposema, "Kesho twende na gari, baba." Twende na gari. Nimeandika: gari limetoka, sababu, goti la mama.

Njia yangu nzuri ya kuunganisha, niliyoipigia hesabu kwa furaha katika wiki ya 2, kwa mama ni ngazi nne badala ya mbili. Hesabu yangu haikuwa na goti ndani yake. Ipo aina ya basi yenye sakafu ya chini, na nyingine hujiinamisha upande wa mlango ili ngazi ifupike. Kwenye njia zangu nimeona mawili tu, na hakuna ubao unaosema yanapita saa ngapi. Nimewaandikia tena. Hiki ni kitu kimoja ambacho ratiba ingeweza kukisema bila kununua basi jipya hata moja.

Wiki ya 10

Simu imekuwa mkono wangu wa tatu. Ratiba tunazozisoma kwenye ramani za simu zina asili ya kupendeza: mwaka 2005 shirika la usafiri la Portland, Marekani, liliitwalo TriMet, liliwapa Google ratiba zake zote, na muundo wa faili walioutengeneza ukaja kuwa wa kawaida duniani. Lakini jifunzeni kutofautisha. Saa iliyoandikwa ni ahadi. Kidoti kinachotembea kwenye ramani ndicho basi. Mara mbili wiki hii nimesubiri ahadi.

Wiki ya 11

Mfanyakazi mwenzangu ameniambia basi linachafua hewa kuliko gari, ameona moshi. Swali la haki, nikalikalia jioni nzima. Basi la masafa marefu la viti 50 linakula kama lita 30 za dizeli kwa kilomita 100. Lita ya dizeli hutoa kama kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi. Likiwa na watu 40, kila mmoja ana robo tatu ya lita, yaani kilo 2 kwa kilomita 100. Mimi peke yangu kwenye gari langu: lita 9, kilo 20 na ushei. Mara kumi.

Sasa upande wa pili, maana sitaki kujidanganya. Gari langu likijaa watu wanne, kila mmoja anabeba kilo 5 hivi, na pengo limepungua sana. Na basi hilohilo likiwa na watu wanne tu, kila mmoja ni kilo 20, sawasawa na mimi na usukani wangu. Lakini basi lile linakwenda, niwemo nisiwemo. Nikipanda, mafuta yanayoongezeka kwa ajili yangu ni kidogo mno. Moshi alioutaja nao ni wa kweli, injini mbovu inaumiza mapafu ya walioko kituoni, na hilo hesabu yangu ya kaboni hailifuti. Shenzhen, Uchina, walikwisha kubadili mabasi yao yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme kufikia mwisho wa 2017.

Wiki ya 13

Gari halikuwaka. Betri imelala, kwa sababu kengele ya wizi na saa hunyonya umeme hata gari likiwa limezimwa. Tairi za mbele zimelegea. Nimesimama uani na waya za kuazima za jirani, nikatafakari: kitu hiki nimekitunza, nimekikatia bima, nimekijengea kibanda, na hata nilipokuwa nakitumia kila siku kilikuwa kinatembea saa moja na nusu kwa siku. Saa ishirini na mbili na nusu kimekaa. Mke wangu ameniuliza kama tukiuze. Sikujibu. Kila nikifikiria kuuza namwona mama mbele ya ile ngazi.

Wiki ya 16

Daftari linafungwa kwa tarakimu hizi. Kwa mwendo wa mwaka jana, siku 112 zingekuwa kilomita 4,480 na lita 403. Gari limetoka mara 5, kilomita 118: goti mara mbili, homa ya mtoto usiku mmoja, meza moja, na Jumapili moja.

Hiyo Jumapili ndiyo imebaki. Siku ya kazi mabasi yangu hupita kila dakika 8, Jumapili kila dakika 40, na la kuunganisha huondoka dakika tatu kabla ya la kwanza kufika. Dakika tatu! Jambo la kusogeza mstari mmoja kwenye ratiba. Majibu ya barua yangu ya ngazi yamekuja: mabasi yale mawili yamepangiwa saa 3:10 na saa 5:10 asubuhi, na watabandika ubaoni. Mama amekubali tujaribu la saa 3:10 kwenye uchunguzi wa mwezi ujao. Ya Jumapili nimeiandika leo, naipeleka kesho kwa mkono nikiwa njiani kwenda kazini.